Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Siku ya kwanza ya kozi tulilishwa uji tukiwa tumefungwa macho.

Tulikuwa watu 18 kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la matairi. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyewahi kutunza wazee Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, alitupanga wawili wawili. Mmoja anafungwa leso machoni, mwingine anashika kijiko. Hakueleza zaidi. Msichana niliyepangwa naye alikuwa na haraka zake. Kijiko cha kwanza kilinigonga meno. Cha pili kilikuja kabla sijameza cha kwanza. Cha tatu kilikuwa moto. Nikasema, "Ngoja." Akasema, "Fungua mdomo, imebaki kidogo tu," kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto. Uji ukanitiririka kidevuni, akaukwangua kwa kijiko kile kile na kuurudisha mdomoni. Mimi, mwanaume mzima wa miaka 26, nilikasirika karibu nilie.

Tulipofunguliwa macho, mwalimu aliuliza swali moja tu: "Nani kati yenu aliulizwa kama anataka uji?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Nieleze nilifikaje pale. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, kisha mimi mwenyewe nikakwama. Hiyo ni stori ndefu, siku nyingine. Tangu hapo naishi kwa kuandika: leo maelezo ya viatu vya mtu anayeuza Instagram, kesho hotuba ya harusi, keshokutwa makala ambayo malipo yake huja yakijisikia. Mwaka jana nikaona wacha nifanye kile ambacho nusu ya mtaa wetu inafanya: nisomee kutunza wazee, nipate cheti, nitafute njia ya kwenda Ujerumani, Uingereza au Marekani. Mabango ya kozi hizi yako kila mahali Nairobi, yamebandikwa kwenye milingoti ya stima kando ya yale ya waganga. Wiki chache, cheti, safiri. Huko wamezeeka na hawana mikono ya kutosha. Huku sisi tuko vijana na hatuna kazi. Hesabu ni rahisi.

Kwa hivyo sikwenda Ngara kutafuta falsafa. Nilienda kutafuta viza. Lakini lile swali la uji lilinifuata hadi kwenye matatu, na halijaniacha mpaka leo: je, unaweza kumfundisha mtu kumheshimu mtu mwingine? Si kumwogesha, si kumgeuza kitandani asipate vidonda. Hayo yanafundishika, nina cheti. Nasema kumheshimu, kumwachia aendeshe maisha yake hata kama mikono yake haifanyi kazi tena.

Mwalimu alisema kuna vitu viwili vinavyofanana ambavyo watu huvichanganya. Kuna huduma inayomweka mzee katikati, na kuna huduma inayoongozwa na mzee mwenyewe. Mimi niliona ni mchezo wa maneno hadi aliposema, "Hata maiti huwekwa katikati." Fikiria. Kwenye mazishi kila mtu anamzunguka marehemu. Amevalishwa vizuri, anasifiwa, ratiba ya siku nzima inamhusu yeye. Ni yeye tu ambaye hana la kusema.

Mawazo haya yana historia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba wazee wanafungwa kwenye viti na kutulizwa kwa dawa ili wasisumbue. Ndiyo iliyoamuru kwamba msaidizi wa muuguzi apate mafunzo ya saa 75 kwa uchache. Miaka minne baadaye, 1991, daktari kijana aliyeitwa Bill Thomas alikuwa akisimamia matibabu kwenye nyumba ya wazee ya Chase Memorial, katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Aliona kwamba wazee wake walikuwa wanamalizwa na mambo matatu ambayo hayana dawa ya kumeza: upweke, kuboeka, na kujihisi hawana uwezo wowote. Akaleta mbwa wawili, paka wanne na ndege 100. Ndege walifika kabla vizimba havijaundwa, ikawa sarakasi. Lakini watu ambao walikuwa wamekaa wakiangalia ukuta ghafla walikuwa na kiumbe kinachowasubiri wakilishe.

Sisi tuna methali ya jambo hilo na hatukuhitaji kasuku mia kuigundua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu utotoni nimekuwa nikiisikia kama onyo kwa wageni wavivu. Siku hizi naisikia vingine. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: wewe si mgeni tena, hapa ni kwenu, kazi yako inahesabika. Usipompa jembe kamwe, basi hata ukimlisha kuku kila siku, umemwambia atabaki mgeni.

Na hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Shosho.

Shosho ni mama yake baba. Mimi ni kifungua mimba na nilipewa jina la mume wake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita mume wangu. Alikuwa akiishi peke yake Kangema, Murang'a, kwenye nyumba waliyoiezeka mabati kwa pesa za kahawa ya mwaka 1977, mwaka ambao kahawa ililipa kuliko miaka yote anayoikumbuka. Ana miaka 84. Ameanza kusahau. Anasahau siku, anarudia swali, anasahau sufuria motoni. Januari mwaka jana sufuria iliungua hadi jirani akaona moshi, akapiga simu.

Familia ilikutana kwenye WhatsApp. Baada ya saa moja ilikuwa imeamuliwa: Shosho aje Nairobi akae kwa Shangazi, Kahawa West. Kwa vile kila mtu alijua atakataa, ilikubaliwa aambiwe anakuja kwa daktari wa macho, wiki mbili tu, kisha atarudi. Mimi nilikuwa kwenye hilo kundi. Nilituma kile kidole gumba.

Nilipoanza kozi, wiki mbili zake zilikuwa zimefika miezi saba.

Wiki ya tatu mwalimu alitugawia orodha iliyotoka kwa Mwingereza mmoja, Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1997, *Dementia Reconsidered*, Kitwood alitaja mambo 17 ambayo humomonyoa utu wa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau. Kinachouma ni kwamba hakuwa akiwazungumzia watu wabaya. Alikuwa akizungumzia wahudumu wa kawaida, wenye roho nzuri, waliochoka. Kumfanya mtu mzima mtoto. Kumharakisha kuliko mwendo wake. Kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Kumzuia kutumia uwezo alio nao bado. Na la kwanza kabisa kwenye karatasi yangu, nililolizungushia wino: kumdanganya ili atii.

Nilihesabu. Kati ya 17, sisi tulikuwa tumemfanyia Shosho 9 au 10. Na sisi ni watu wanaompenda.

Najua unachotaka kusema, kwa sababu nimekisema mara nyingi. Sisi si kama wazungu. Sisi hatuwatupi wazee wetu kwenye majumba, tunakaa nao. Ni kweli na ni jambo la kujivunia. Lakini kukaa na mtu na kumsikiliza ni vitu viwili tofauti. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inataja haki za wazee. Zisome kwa mpangilio wake: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na kisha kupata matunzo ya familia na Serikali. Matunzo ndiyo ya mwisho. Sisi tumeigeuza orodha. Tunaanza na matunzo, na mara nyingi tunaishia hapo.

Hata heshima yetu ina ujanja wake. Tunasimama mzee akiingia. Tunampa kiti kizuri, nyama laini, salamu ndefu. Kisha tunaenda jikoni kuamua atalala wapi, atakunywa nini, shamba lake litafanywa nini. Akiuliza tunajibu, "Usijali, Shosho, sisi tuko." Ni adabu tupu, lakini swali limezimwa.

Nisimseme Shangazi vibaya. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka usiku. Alinunua dawa za presha na hakukosa hata siku moja. Shuka alifua yeye. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili na mkate, napiga stori, naondoka. Lakini nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, ngazi tupu, hakuna udongo hata wa kwenye kopo. Msichana wa kazi alikuwa ameagizwa asimruhusu Shosho jikoni. Kwa hivyo mwanamke aliyekuwa ameamka alfajiri kwa miaka 70 kwenda shambani alikuwa anaketi kwenye sofa akiangalia vipindi vya Kihindi, akiwa amevalishwa soksi. Miezi saba, na hakuna aliyempa jembe.

Nina rafiki wa shule ya upili aliyetutangulia. Anafanya kazi kwenye nyumba moja ya wazee Marekani, na huwa ananitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye gari baada ya zamu. Nilipomweleza tunachofundishwa alicheka hadi nikaogopa. Yeye pia alifundishwa. Alionyeshwa video, akajibu maswali kwenye kompyuta, akasaini. Ukutani kwao kumeandikwa kwamba mkazi ndiye anayeongoza. Lakini anashughulikia wazee kumi na ushei, na lazima wote wawe wameoga na kuvaa kabla ya kiamshakinywa cha saa mbili. Kwa hivyo wa kwanza anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, atake asitake. Aliniambia maneno ambayo niliyaandika: "Nilifundishwa kumuuliza mzee anataka kuamka saa ngapi. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini na jibu lake."

Nadhani hapo ndipo mafunzo mengi hufia. Unamchukua mtu ambaye hana sauti kazini kwake, hajui ratiba ya wiki ijayo, haruhusiwi kubadilisha hata saa ya chai, kisha unamwambia nenda ukampe mwingine usukani. Atautoa wapi? Hauna yeye. Mwalimu wetu alilisema kwa njia yake. Alitwambia tuandike mambo matano ambayo hatungependa mgeni atuamulie. Mimi niliandika: saa ya kuamka, chumvi kwenye chakula, nani aninyoe, mlango wa choo kufungwa, na simu yangu. Kisha tukabadilishana karatasi na jirani akaambiwa afute matatu. Nilibakiwa na chumvi na kinyozi. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. "Sasa wewe uliyefuta," akasema, "si ulifuta tu kwa sababu mkubwa wako amekuambia?"

Basi Jumapili moja nikaamua kumuuliza Shosho.

"Shosho, unataka nini?"

"Mimi sitaki shida, mume wangu. Niko sawa tu."

Ningeweza kuishia hapo. Tungesema ameulizwa na amejibu. Lakini tulikuwa tumefundishwa kwamba swali kubwa humtisha mtu aliyezoea kutoulizwa, na pia kwamba mzee mwenye sahau anahitaji muda. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujaongeza neno. Kuhesabu hadi kumi mbele ya mtu anayekuangalia ni kazi, jaribu leo. Nikauliza dogo: "Chai tunywe sasa ama baadaye?"

Nikahesabu. Nilipofika saba akasema, "Nitaipika mimi."

Tukaingia jikoni. Hakuwahi kutumia jiko la gesi. Nilimwonyesha mara moja, nikasimama karibu, mikono mifukoni. Alipika chai polepole sana, yenye majani mengi na maziwa mengi, na alipomaliza akasimama pale ameshika sufuria, kana kwamba ametoka mbali. Tulipoketi alifungua pindo la leso yake, lile fundo ambalo sote tulidhani ni la hela. Ndani kulikuwa na ufunguo wa nyumba yake ya Kangema.

"Zile wiki mbili," akasema, "bado hazijaisha?"

Manze, sikuwa na jibu. Mwanamke ambaye tulikuwa tunasema hakumbuki chochote alikuwa amekumbuka miezi saba.

Nilipoanzisha hoja kwenye kundi la familia, Shangazi alinipigia moja kwa moja. "Akiungua, nani ataulizwa? Wewe? Uko wapi usiku?" Sikuwa na ujanja. Uhuru wa mzee ni mtamu sana kwa yule asiyelala naye nyumba moja. Mtu yeyote anayeandika makala kama haya na hajawahi kufua zile shuka ana deni, na mimi nalikiri langu.

Lakini kuna Mmarekani mwingine, Robert Perske, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu watu wenye ulemavu wa akili. Alidai kwamba kumkinga mtu dhidi ya kila hatari ni kumnyima utu. Kuna heshima ndani ya kuruhusiwa kujaribu na hata kuanguka. Wazo hilo sasa hufundishwa hata kwa watunzaji wa wazee. Ukifikiria maisha yako mwenyewe utaona ni kweli. Mimi niliacha chuo. Kila mtu mzima aliniambia ninakosea, na huenda walikuwa sahihi. Lakini hakuna aliyenifungia chumbani. Kwa nini kosa langu liwe langu kwa sababu nina miaka 22, na lake lichukuliwe kwa sababu ana 84?

Jibu la haraka ni kwamba yeye anasahau na mimi sisahau. Hapa swali huwa gumu kweli. Mwanafalsafa Ronald Dworkin, katika kitabu chake cha mwaka 1993 *Life's Dominion*, aliuliza: mtu akipoteza kumbukumbu, tumtii nani? Yule aliyekuwa zamani, mwenye akili timamu, aliyesema anachotaka? Au huyu wa leo, ambaye pengine anataka kitu kingine na anakifurahia? Dworkin aliegemea upande wa yule wa zamani. Wengine, kama Rebecca Dresser, walimpinga: aliye mbele yako, anayecheka au kulia, ndiye unayemtunza sasa.

Sina digrii ya kuwaamua hawa wawili. Kwa Shosho tulibahatika, kwani wa zamani na wa leo walikuwa wanasema kitu kimoja: nyumbani. Si kila familia itapata bahati hiyo. Na najua mipaka ipo. Angetaka kutembea Thika Road usiku wa manane ningesimama mlangoni. Ila nadhani kuna tofauti kati ya kusimama mlangoni na kusema uongo. Ukisimama mlangoni, mtu anakuona, anaweza kukutukana, anaweza kukushinda kwa hoja asubuhi. Ukimdanganya umemwondoa kabisa kwenye mazungumzo kuhusu maisha yake mwenyewe. Mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa kesho. Uongo wetu ulikuwa umeshamweka miezi saba kwenye sofa akisubiri wiki mbili ziishe.

Tulibishana mwezi mzima. Mwishowe tukakubaliana: Shosho arudi Kangema, lakini asikae peke yake. Tukamtafuta msichana wa kule kule kijijini, wa miaka 20, aliyemaliza shule na kukaa. Ndugu wakachanga mshahara. Nikapewa kazi ya kumfundisha, kwa sababu mimi ndiye "msomi wa wazee."

Nilienda kwa siku tatu na daftari langu. Nilimfundisha yale ya mikono: jinsi ya kumwinua mtu bila kuumia mgongo, dawa za presha, dalili za kuangalia. Kisha nikamfunga leso machoni, nikamlisha uji vibaya makusudi. Alicheka, halafu akanyamaza. Tukaongea juu ya kuuliza, na kuhesabu hadi kumi. Nilimwambia nani anaogesha na lini ni uamuzi wa Shosho. Mimi, mjukuu wa kiume, hata jina la mume nililopewa halinipi ruhusa hiyo. Halafu nikakumbuka rafiki yangu kwenye gari lake, nikamuuliza huyu msichana: "Na wewe, unataka nini kwenye kazi hii?" Alitazama chini. Nilihesabu hadi kumi na ikapita. Akasema anataka Jumapili iwe yake, na aambiwe mapema mshahara ukichelewa. Yaani hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kumuuliza. Tulikuwa tumepanga kumheshimu Shosho kwa kumtumia mtu mwingine kama kijiko.

Shosho naye alitushangaza. Anapata zile 2,000 za Inua Jamii ambazo Serikali huwalipa wazee kila mwezi. Akasema sehemu ya mshahara atalipa yeye, kwa mkono wake. Shangazi alikataa, hela zenyewe ni za sabuni. Shosho akasisitiza. Nilichelewa kuelewa. Anayelipa ndiye mwajiri. Hakutaka mlinzi tuliyemtuma sisi. Alitaka mfanyakazi wake.

Walianza vizuri. Yule msichana, bila kufundishwa na mtu, siku ya tatu alimwomba Shosho amwonyeshe jinsi ya kupanda njahi. Nilipoambiwa kwa simu nilicheka peke yangu kwenye foleni ya benki. Siku ya tatu, kweli.

Ningependa kuishia hapo, lakini Aprili Shosho alianguka. Ilikuwa imenyesha, akateleza kwenye mteremko wa shamba akienda kuangalia hizo njahi, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Msichana alikuwa hatua kumi nyuma yake. Shangazi alikuja hospitalini, akalipa, akamshika mama yake mkono ule mzima, na hakunisemesha. Bado hanisemeshi vizuri. Akiniuliza ana kwa ana kama ninajuta, sitajua niseme nini. Najuta ule mfupa. Nilipouona uvimbe nilitamani ile sofa. Lakini nilipomuuliza Shosho, kwa swali dogo, kama anataka kupona akiwa Nairobi au Kangema, hata sikufika mbili.

Kwa hivyo, je, heshima inafundishika? Nilipoanza kozi nilidhani jibu ni hapana. Ama unapenda watu au hupendi. Sasa nadhani upendo si tatizo. Sisi tulikuwa na upendo tele na tulimfungia bibi wa watu kwa uongo. Kinachofundishika ni kidogo kuliko upendo na labda ni kigumu zaidi: kunyamaza hadi kumi, kuuliza swali dogo, kuruhusu mikono yako ikae bure. Na hakikai kwa mtu ambaye yeye mwenyewe haulizwi chochote. Anayetaka wazee waongoze aanze na anayeshika kijiko.

Cheti ninacho. Viza bado. Jumapili iliyopita nilikuwa Kangema. Ingawa ni siku yake ya mapumziko, yule msichana alikuwa amepita kumsalimia tajiri wake akitoka kanisani. Shosho alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Kijiko kilikuwa kinatetemeka, nusu inaingia, nusu inaanguka kwenye leso. Niliangalia kwa dakika moja, nikashindwa. Nikanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Mwache," msichana akaniambia, sauti ya chini. "Hajaomba."

Nikaukalia mkono wangu. Shosho akamaliza uji wake, ikachukua karibu nusu saa, akajipangusa, akaniangalia.

"Na wewe, mume wangu," akasema, "unataka uji?"